Kordi ya D Kutoka Ukingo wa Kofia

Jumatatu, Mei 6

Vesta amekataa kuimba. Amekataa kabisa, na maharage yangu amekula.

Nilimpelekea bakuli na mkate wa mahindi, nikamwambia wifi, Jumapili ya kupamba makaburi imebaki wiki tatu, tuanze mazoezi. Akatikisa kichwa. Tangu wamkate uvimbe wa shingoni mwezi wa pili sauti yake imeshuka. Anasema anasikika kama fahali aliyenasa kwenye ua. Nikamwambia fahali ana adabu kukushinda, angalau akipewa chakula haachi bakuli bila kuoshwa.

Miaka thelathini na minane tumesimama pale kilimani, mimi na kinubi changu cha vitufe, yeye na sauti yake. Na mwaka huu ndipo jiwe la kaburi la Hobart limewekwa. Hobart alikuwa kaka yangu kabla hajawa mume wake, kwa hiyo nina haki ya kukasirika. Wimbo wake ni ule mmoja tu, kila mtu bondeni anaujua. Nani auimbe, mimi? Mimi nikiimba mbwa wanahama.

Jumatano, Mei 8

Leo nimemlazimisha. Nilifunga mlango wa jikoni nikaweka kiti changu hapo hapo mlangoni.

Tulianza na kii ya F, kimo chetu cha siku zote. Mstari wa tatu, pale wimbo unapopanda, sauti ikakatika kama uzi mbovu. Akageuka kutazama sinki. Tukashuka hadi C. Huko akawa ananguruma, hata neno moja halisikiki. Basi panapomfaa ni katikati. Nikawa napiga uzi mmoja mmoja kwa kidole, yeye anaufuata, mpaka tukapapata: akiimba kwenye D anafika juu na anafika chini bila kukwaruza.

Shida ni kwamba D sina. Kinubi changu kina vitufe kumi na viwili, kila kimoja kinatoa kordi yake, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, na D ya kawaida haimo. Ipo D7, ambayo inalia kama mtu aliyeachia maneno njiani. Ipo na D ya huzuni. Nikapiga hiyo. Vesta akasema, wifi, unanizika na mimi?

Lakini alicheka. Mara ya kwanza tangu atoke hospitali.

Alhamisi, Mei 9

Nimemeza kiburi. Hakina ladha.

Nimekwenda kwa Lovella Tate, anayepiga piano kanisani. Alifundisha shule miaka thelathini na bado anamtazama kila mtu kama amechelewa kengele. Hatujaongea vizuri tangu aseme mbele ya akina mama wote kwamba kinubi cha vitufe ni chombo cha wavivu. Nimebeba pai ya rubabu, yale mashina machachu ya bustanini. Si kumbembeleza. Ilikuwa imezidi.

Nikamwambia nataka kuhamisha wimbo kutoka F hadi D. Akauliza, Dada Delphia, unajua kordi inajengwaje? Nikamwambia najua inavyolia, inatosha. Akasema haitoshi, ndiyo maana uko sebuleni kwangu.

Mdomo ule. Lakini alinionyesha. Weka kidole kwenye D ya piano. Hesabu hatua nne kwenda juu, nyeupe na nyeusi zote, usiruke hata moja. Hapo ni F kali, ile nyeusi. Kutoka hapo hesabu tatu. Umefika A. Piga zote tatu pamoja — hiyo ndiyo D. Nne, kisha tatu. Popote utakapoanzia ni hivyo hivyo. Na ukianza na tatu ukamalizia nne, huzuni hiyo inaingia.

Nikamwuliza, yaani furaha na msiba tofauti yao ni nani katangulia? Akazipiga zote mbili kwenye piano. Halafu akasema hajawahi kulifikiria hivyo. Na aliwafundisha watoto wa watu.

Jumatatu, Mei 13

Nimerudi kwa Lovella. Hakuna pai leo, asizoee.

Leo kasema niache majina, nishike namba. Kii yoyote, sauti ya kwanza ndiyo nyumbani. Wimbo wetu unakwenda kwenye ya kwanza, ya nne na ya tano tu. Katika F hizo ni F, B bapa, ile iliyoshushwa hatua moja, na C7. Katika D ni D, G na A7. Watu ni wale wale, wamehama nyumba tu. Nikamwambia basi miaka hamsini nimekuwa nikipiga moja, nne, tano, na mwalimu aliyenifukuza darasa la tano alisema sina kichwa cha hesabu. Lovella kasema mwalimu huyo alikuwa shangazi yake. Nikamwambia sishangai.

Kwa hiyo G ninayo. A7 ninayo. Inayokosekana ni moja tu. Nyumbani kwenyewe.

Jumanne, Mei 14

Nimefungua kinubi mezani. Kila kitufe kimekaa juu ya ufito, na chini ya ufito kuna felti, kile kitambaa kizito cha sufu. Ukibonyeza, felti inaziba nyuzi. Penye mwanya uzi unalia. Basi kordi ni kuwanyamazisha wengine wote. Ningejua kazi ni hiyo tu ningeitengeneza zamani, nimeifanya maisha yangu yote.

E7 sijaigusa tangu ninunue kinubi, basi hiyo ndiyo nitaigeuza iwe D. Nimekwangua felti yake yote. Mpya nitaitoa wapi? Dukani hawana. Nikatazama kabati. Kofia yangu ya kijani ya baridi, felti tupu, ile niliyonunua mjini Bristol. Nimeizunguka kama kuku anayechinjwa kesho.

Nimekata ukingo. Nusu yake nimeibandika kwa gundi. Kofia sasa inafanana na bakuli.

Alhamisi, Mei 16

Nimeharibu. Nilihesabu nyuzi vizuri, nikapindua ufito chali ili nikate, nikasahau kwamba ukipindua kitu, kulia kwake kunakuwa kushoto. Nimekata mianya yote upande wa pili. Nilipobonyeza ikatoka sauti ya masufuria yanayoanguka ngazini.

Vesta alikuwa hapa. Kasema ni Mungu anatuambia tuache. Nikamwambia Mungu ana kazi zake, hii ni mikono yangu. Kasema hata hivyo haimbi, ninajisumbua bure. Akachukua mkoba akaondoka, na shali yake kaiacha.

Ijumaa, Mei 17

Akili imekuja nikiwa napiga pasi. Shati la mtu likikosa tundu la kifungo, huhesabu chochote. Unapaka kifungo chaki, unakandamiza nguo juu yake, chaki inakuonyesha pa kukata.

Nimepaka chaki ya bluu nyuzi zote za D, za F kali, za A. Nimebandika felti mpya, nusu nyingine ya ukingo, nikakandamiza ufito. Mistari ya bluu ikatokea, safi. Nimekata kwa wembe.

Nimepiga. D. Nimepiga tena. Nimepiga mpaka jirani kauliza kama niko salama.

Lovella hakunifundisha hilo la chaki. Nitahakikisha analijua.

Jumamosi, Mei 25

Wiki nzima Vesta amekuja kila alasiri. Anasema amefuata shali. Shali iko kwake tangu Jumatatu. Anaketi, mimi napiga D, yeye anamenya viazi na kuimba kwa chini chini huku anadai haimbi. Mstari wa tatu anaupita bila hata kukaza shingo. Sijasema kitu. Kwangu hiyo ni kazi ngumu kuliko felti.

Leo nimemwuliza wazi, kesho utasimama? Kasema atatazama.

Jumapili, Mei 26

Kilimani. Naandika kwa penseli, daftari juu ya kinubi. Makaburi yote yamefagiwa na kupambwa maua. Jiwe la Hobart ni zuri, ila wamelilaza kidogo upande wa kushoto, nitasema na mtu. Mchungaji Estep anaomba, na akianza huwa na safari ndefu.

Vesta yuko kando yangu, kitambaa shingoni. Sasa hivi kaniinamia kanong'ona, wifi, tuimbe F.

Nikamwambia una wazimu.

Kasema D ni ya mgonjwa. Hobart alimsikia kwa F akamwoa, na hawezi kumshushia leo. Nikamkumbusha mstari wa tatu. Kasema acha ukatike basi.

Mtu asiyetaka kuimba hagombanii kii. Hilo nimelipata. Lakini watu mia wako hapa, na sauti ikikatika leo hataifungua tena, namjua.

Nimemwambia sawa. F.

Kidole changu kiko kwenye D. Miaka sabini na moja nimewaambia watu ukweli hata wasiouomba, na leo namdanganya wifi yangu mbele ya wafu wetu wote. Hapa hakuna piano ya kunishtaki. Atagundua, ndiyo, lakini nina imani tutakuwa tumeshauvuka mstari wa tatu. Lovella yuko safu ya mbele, ameona kidole. Ametazama kando, anapanga maua yaliyokwisha pangwa.

Amina. Mchungaji ametaja majina yetu.

Vesta keshasimama. Mimi ndiye bado nimeketi.