Kwa Dada Aliyenifundisha "Whose"

Dada Skola mpendwa,

Huku Sumbawanga upepo wa Juni umeanza, ule unaopenya hata sweta mbili. Leo nimefundisha virejeshi vya Kiingereza, "who", "whom", "whose" na "which". Watoto wamenielewa, nikarudi chumbani nikakuta sina wa kumsimulia.

Unaikumbuka likizo ile niliyorudi nyumbani nimefeli jaribio la sarufi? Ndio kwanza tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Mpui, nyumba zimepangwa mstari mmoja kando ya barabara na yetu haijaezekwa upande wa jikoni. Wewe ulikuwa umeacha masomo kidato cha pili, baba alipofariki. Mmoja wetu alipaswa kubaki na mama, nawe hukungoja kuulizwa. Nilikuambia kwamba virejeshi vimenishinda kabisa. Hukunibembeleza. Ulinipa kisu cha kuvunia ulezi, tukaenda shambani.

Huko ulinifundisha kwa watu tuliowajua. Katibu kata akawa "the man who brought us here". Sisi tukawa "the people whom he brought". Mzee Kasiano, jirani yetu, ambaye mbuzi wake aligoma kupanda lori siku ya kuhama akatimua mbio kurudi mahameni, akawa "the man whose goat refused". Ulinieleza kuwa Kiswahili kinahitaji "ambaye mbuzi wake", lakini Kiingereza kinabeba "ambaye" na "wake" kwa "whose" peke yake. Mama alikuwa akivuna mbele yetu. Akauliza kwa Kifipa tunamsengenya nani. Ulipomtafsiria, alicheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba wa baba.

Kisha ukaniambia nitunge yangu. Nikaandika mchangani kwa kijiti: "My sister who lives in Mpui is clever." Ukasema nikiiacha hivyo, bila mikato, msomaji ataelewa kuwa nina dada kadhaa, nami namtaja yule wa Mpui. Nikitia mikato kabla ya "who" na baada ya Mpui, atajua dada ni mmoja tu.

"Tia mikato, Vene," ulisema. "Huna mwingine."

Mwaka uliofuata ulikuwa umeolewa hapo hapo kijijini. Masika yalipoharibu barabara, uchungu wa uzazi ukakushika. Zahanati walishindwa, mumeo na mzee Kasiano na wengine wakakubeba kwa machela kuelekea hospitali ya mjini. Hawakufika. Mkuu wa shule aliniita ofisini. Nilimwona anatafuta maneno na hayapati, nikamsaidia kwa kumuuliza kama ni mama au ni wewe. Mtoto naye hakuishi.

Nilifaulu, dada. Mtihani wa Kiingereza ulikuwa na swali la kuunganisha sentensi mbili kwa kirejeshi, nami nililijibu bila kusita, kisha nikakaa nikitazama dirishani mpaka muda ulipokwisha. Nikaenda chuo cha ualimu, wakanipangia mji huu huu. Mama bado yuko kijijini. Nikienda kumwona tunaota moto jikoni, ananiuliza habari za kazi. Namweleza za juu juu tu, maana nyingine zote zinaishia kwako, naye akishasikia jina lako hali chakula.

Walimu wenzangu wametoka Tanga, Songea, Kilimanjaro. Ni watu wema, ila jioni kila mmoja hufunga mlango wake, na hakuna hata mmoja anayejua Kifipa. Basi nikisonga ugali nakusemesha wewe, kwa sauti kabisa. Nakuambia nimechoka. Nakuambia mkaa umekaribia kuisha. Kisha nanyamaza kidogo, kiasi kile ambacho ungetumia kunijibu, ndipo naendelea kusonga.

Pumzika, dada yangu.

Mdogo wako,
Vene