Imekuja Jumamosi Niliyoisema

Jumamosi, Agosti katikati. Mvua ya mchana, ile ya kila siku, na mimi nimerudi nayo mwilini mpaka kwenye soksi.

Nina hasira. Naandika nikiwa nayo, kwa hiyo mwandiko ukipinda, upinde.

Nilipatia tarehe. Hilo likae hapa kwanza kabla ya mambo mengine, kwa sababu kesho Keumbu nzima hakuna atakayelikumbuka. Nilisema Jumamosi, na Jumamosi mashine ilikuwepo. Si Krismasi, kama alivyosema Ombati fundi cherehani. Si "Mungu akipenda," kama alivyosema Mama Nyaboke huku akitumiminia chai. Jumamosi. Na aliyesema ni mimi, niliyeishia darasa la nne kwa sababu mwalimu alichoka kuulizwa maswali asiyoyaweza.

Tangu mvua za masika hatuna mazungumzo mengine pale kibandani kwa Mama Nyaboke. Bwana Salim, mwenye hoteli ya chai na pilau karibu na soko la Kisii, alitangaza kwamba ameagiza mchezo wa televisheni. Si televisheni ya kutazama watu wakisoma habari. Hii unacheza wewe mwenyewe. Ni kabati la mbao lenye kioo, na ndani ya kioo kuna fimbo mbili nyeupe na kitone kinachoruka huku na huku. Unatia shilingi, unashika kitasa na kukizungusha kama unayetafuta stesheni, na fimbo yako inapanda na kushuka kukizuia kile kitone. Ukikikosa, mwenzako amepata. Mnakaa wawili, bega kwa bega.

Sasa niambie, nani Keumbu hii anajua kuzungusha vitasa kunishinda mimi? Redio za watu zinanijia kutoka Magwagwa zikiwa maiti na zinarudi zikiimba.

Isitoshe, nimeshaicheza. Nilipokuwa Mombasa nilikaa na baharia mmoja Mzungu, mtu mwenye mikono kama majembe, nikamfunga mpaka akavua kofia yake akanivisha. Mashine ikatoa moshi. Watu wa bandarini waliacha mizigo wakaja kutazama. Kofia iliibiwa kwenye treni, hiyo ni kweli, na sitaki kuulizwa tena kuhusu kofia. Na wale wanaonong'ona kwamba mimi nilirudi kutoka Mombasa kabla mashine hizo hazijatengenezwa, waende wakamuulize baharia.

Kuhusu tarehe, nilikosea mara ya kwanza. Salim alisema "karibuni," na mimi nikawaambia watu itafika kabla shule hazijafungwa. Shule zikafungwa. Mara ya pili nilipiga hesabu ya lori la ndizi. Lori linakwenda Nairobi limejaa ndizi, na hakuna mwenye lori mwenye akili anayekubali lirudi tupu, kwa hiyo mashine itarudi nalo. Tulisimama barabarani kulingoja. Lori likafika limebeba magodoro. Ombati alicheka mpaka akaketi chini kwenye majani.

"Fundi wa redio," akasema, "yaani mchezo wenyewe ni kulala?"

Sikulala usiku ule. Mtu kunicheka mbele ya Mama Nyaboke!

Mara ya tatu sikubahatisha. Moraa, binti wa dada yangu, anahudumu mezani kwa Salim. Nilimwambia asisikilize anachosema tajiri wake, atazame anachofanya. Wiki iliyopita akaja nyumbani, akaniambia, "Mjomba, wameweka soketi mpya kwenye kona ya mahali pa kunawia mikono. Na Bwana Salim amenunua viti viwili virefu."

Viti viwili virefu! Mtu hanunui viti virefu kwa ajili ya wanywaji wa chai. Mtu haweki soketi mahali pa kunawia mikono mpaka awe anahamisha bomba. Na fundi wa bomba, Moraa akasema, anakuja Ijumaa. Basi Jumamosi. Nikaenda kibandani nikaitangaza nikiwa nimesimama.

Ombati akaweka kikombe chini. "Ukikosa mara ya tatu, kiti chako nakichukua mimi."

Kiti changu kiko karibu na jiko. Ni kiti chenye mgongo, kile kimoja tu. Anayekikalia ndiye anayesimulia, wengine wako kwenye mabenchi wanasikiliza. Nimekikalia tangu kibanda kilipokuwa cha matawi.

Nikasema sawa.

"Tarehe na mchezo," akasema Ombati. "Utuonyeshe pia ulivyomfunga Mzungu. Tarehe peke yake hata kalenda inajua."

Nikasema sawa tena. Nilipaswa kumjibu hapo, lakini watu walikuwa wanacheka.

Na kuna jambo jingine nililolisema jioni ileile, naliandika kwa sababu daftari halinitazami usoni. Mtu mmoja alikuwa akilalamika kwamba hawezi kwenda sokoni siku ambayo baba mkwe wake anauza ng'ombe. Nikamwambia mambo ya kuogopana na wakwe ni ya watu ambao hawajaiona bahari. Nilisema kwa sauti kubwa. Nilikuwa kwenye kile kiti, na kile kiti kinamfanya mtu aseme.

Leo tumepanda lori la ndizi, kundi zima la kibandani, mimi mbele na dereva. Nilivaa koti langu. Mvua ilianza tulipokuwa tunashuka sokoni. Hotelini kwa Salim mlango ulikuwa umejaa migongo ya watu, na juu ya migongo nikasikia sauti, tik, tik, tik. Moyo wangu uliruka kama kile kitone.

"Jumamosi!" nikawaambia. "Nilisema nini?"

Hata Ombati alisogea. Wakanipisha njia. Nikaingia kama mtu anayeingia kwake, nikafika mbele, nikaiona. Kabati lenyewe. Kioo cheusi. Fimbo mbili.

Na kwenye kiti kirefu cha kushoto, amekunja mikono ya shati na ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo kama mtoto, alikuwa Mwalimu Osoro. Mume wa binti yangu Kwamboka, aliyeolewa Magwagwa. Mkwe wangu.

Alikuwa ameshinda watu tangu asubuhi. Kanuni ya Salim ni kwamba mshindi anabaki, na anayetaka kucheza anakuja kukaa na mshindi.

Akaniona. Mikono ikatoka kwenye kitasa kana kwamba kimemchoma. Kitone kikapita, watu wakapiga kelele, yeye akawa tayari ameshuka kwenye kiti, anashusha mikono ya shati, anatazama sakafu. Sisi kwetu haya hiyo tunaiita chinsoni. Mtu aliyeoa binti yako hawezi kutoa ulimi mbele yako. Wewe huwezi kumtania wala kumkalia bega kwa bega, na kumpigia kelele "nimekufunga!" ndiyo usifikirie. Nilipokea ng'ombe wake wa mahari nikiwa nimevaa kofia na uso wa heshima, na uso huo ndio pekee anaoujua.

"Baba," akasema kwa sauti ya chini, akapita ukutani, akatoka nje.

Kiti kikabaki wazi. Kilikuwa bado na joto lake.

Ombati alikuwa ameshapanda kile cha pili. "Haya, Mombasa! Kaa tukuone!"

Ningekaa. Nataka hili lieleweke. Vidole vyangu vilikuwa tayari. Lakini kwa dirisha nilimwona mwalimu mzima, mwenye tai, amesimama chini ya michirizi ya bati, mvua inamrukia viatuni, watoto anaowafundisha wanapita wanamtazama. Hawezi kuingia mimi nikiwa ndani nacheza. Hawezi kwenda zake pia, kwa maana ataonekana amenikimbia. Atasimama pale mpaka nitoke. Na Kwamboka atasikia kwamba baba yake alimsimamisha mumewe kwenye mvua kwa ajili ya kitone cheupe.

Nikatoka.

Nilidhani nikitoka atarudi ndani. Kumbe naye aliponiona nimetoka, akaona haya kurudi kwenye mchezo huku baba mkwe wake amesimama mvuani. Akabaki. Mimi nikabaki nikingoja aingie. Yeye upande huu wa mlango, mimi upande ule, katikati yetu maji yanamwagika kutoka kwenye bati lililotoboka.

Tulisimama hivyo mchana kutwa! Watu wazima wawili!

Na ndani, tik, tik, tik. Nilisikia kila kitu. Nilisikia Ombati, mtu ambaye redio yake mwenyewe huiwasha kwa kuipiga kofi, akimfunga mtu wa kwanza. Nikasikia akimfunga wa pili. Nikasikia wakiimba jina lake. Mguu wa kulia anakanyagia cherehani siku nzima, sijui huko ndiko alikojifunzia mapigo. Moraa akatoka mara moja na vikombe viwili vya chai, akatazama huku, akatazama kule. Akanipa changu, akampa mwalimu chake, akarudi ndani ameuma midomo asicheke. Nilimwona.

Halafu Ombati mwenyewe akachungulia mlangoni, jasho linamtoka. "Mzee, si ulisema wakwe wanaogopwa na watu ambao hawajaiona bahari? Au ile bahari ulikuwa umeipa mgongo?"

Nikatazama majani ya chai yaliyobaki kikombeni. Mimi! Nimewahi kumjibu mkuu wa wilaya akaomba maji ya kunywa. Leo nimenyweshwa na mvua na fundi cherehani, nimelowa kama gunia.

Mwalimu Osoro alikuwa amesikia. Tukaulizana habari za nyumbani. Nzuri. Ng'ombe? Nzuri. Chai imeanza kuchumwa? Imeanza. Kisha, akitazama mitaro na si mimi, akasema:

"Baba, nimesoma gazetini kuna nyingine."

"Nyingine ya nini?"

"Mashine. Imeshatoka ng'ambo. Hiyo ni ya mtu mmoja. Kuna ukuta wa matofali kwenye kioo, unaupiga na kitone mpaka ubomoke." Akakamua maji kwenye tai. "Mtu anakaa peke yake, Baba. Hakuna wa kukaa naye."

Nikauliza inakuja Kisii lini.

"Hawajasema."

Nilitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeambiwa habari ya mvua. Ndani ya kifua nilitaka kumshika mkono. Lakini hilo nalo haliwezekani.

Lori lilipopiga honi nikaondoka bila kugeuka, ili apate kuingia. Natumaini aliingia. Natumaini alimtoa mtu yeyote aliyekuwa kwenye kile kiti.

Jioni kibandani nimemkuta Ombati amekaa kwenye kiti changu, mgongo umeegemea, miguu ameielekeza jikoni. Anasimulia. Tayari ameshawafunga watu ambao hawakuwepo. Kesho kutwa nao watakuwa mabaharia, utaona. Nikamwambia tarehe nilipatia. Akasema ndiyo, tarehe ulipatia, Mzee, keti hapo kwenye benchi. Mama Nyaboke akanipa kikombe bila kunitazama, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Sikukaa. Nilikunywa nimesimama.

Basi hapa nilipo nimevua soksi, taa iko mezani, na nina hasira na kila mtu. Nina hasira na Salim aliyeleta mashine ya watu wawili katika nchi ambayo nusu ya watu ni wakwe wa nusu nyingine. Nina hasira na Ombati, hilo halihitaji wino. Nina hasira na mdomo wangu kwa lile neno la bahari. Na mwalimu? Nimejaribu kumkasirikia tangu lorini. Sijaweza. Alisimama kwenye mvua na tai yake na hakulalamika, na alichokuwa nacho mfukoni, ile habari ya gazeti, alinipa mimi. Angeweza kumpa Ombati.

Sasa nafikiri. Ikiwa imeshatoka ng'ambo, Nairobi watakuwa nayo mvua fupi zikianza. Salim hapendi kupitwa, na leo ameona watu wanavyopigania kiti. Ataagiza kabla mwezi huo haujaisha. Lori la ndizi silihesabu tena, lile lina magodoro yake. Nitahesabu viti. Mashine ya mtu mmoja haihitaji viti viwili. Nitamwagiza Moraa: siku atakapoona Bwana Salim anaondoa kiti kimoja kwenye ile kona, aje aniambie kabla hajamwambia mtu mwingine hata mmoja.

Mimi nasema kabla ya Krismasi. Nasema itakuwa katikati ya wiki, maana Salim amejifunza leo kwamba Jumamosi watu wanavunja vikombe. Nasema Alhamisi.

Kesho nikiulizwa kibandani nitasimama mbele ya kile kiti na kuitangaza, wacheke wakitaka. Na Moraa atapeleka neno Magwagwa kwa mwalimu, bila kusema ni mimi niliyemtuma, kwamba Alhamisi ni yangu.

Ijumaa nimemwachia mkwe wangu.