Mgongo wa Mama Mkwe

Somanda, Bariadi
Jumapili, baada ya misa

Dada yangu mpendwa Nyanjige,

Mwangaluka. Nimeanza kwa salamu ya nyumbani usije ukadhani ubalozi umenifundisha majivuno. Mhola, habari ya huko Mwanhuzi? Goti la mama linaendeleaje na baridi hii ya asubuhi? Na shemeji Selestini, bado anakoroma mpaka ng'ombe zizini wanainua masikio wakidhani ni radi? Mimi huku ni mzima, na cherehani yangu ni nzima zaidi, maana yenyewe juzi nimeibadilishia mkanda na kuitia mafuta. Mimi sijabadilishiwa kitu tangu mama anizae.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Dada, simu yako haina siri. Ukishaipokea unaiweka sauti kubwa, mama anasikia, wakwe zako wanasikia, na mtu aliyekuja kuomba chumvi naye anachangia hoja. Kwa hiyo barua hii nimempa Jeremia, huyu anayekuja huko mnadani kununua ng'ombe, na mdomo wa bahasha nimeupitisha chini ya sindano. Ukikuta uzi umekatika, muulize yeye. Isome peke yako kwanza, tena ukiwa umekaa.

Kila Jumapili mnanipigia mkiuliza jibu la viza limetoka au bado. Mama ameshatangaza kanisani kwamba kitinda mimba wake anamfuata mkewe Ulaya. Shemeji ameshamtenga yule fahali mwekundu wa kuniagia. Nami kila Jumapili nawajibu kwamba bado wanashughulikia. Acha leo nikueleze ilivyokuwa.

Siku ya mahojiano nilikwenda ubalozini Dar nimevaa suti niliyojishonea mwenyewe. Nilipokaa pale kwenye viti vya kusubiria ndipo nikagundua mkono mmoja umeuzidi mwingine. Wateja wangu wangeniona wangehamia wote kwa Mahona, fundi mwenzangu. Mle ndani kuna kimya cha hospitali, kila mtu amekumbatia bahasha yake kama mtoto mchanga. Jirani yangu, mama mmoja aliyesuka nywele vizuri, alikuwa anamkariri mumewe kwa sauti ya chini kama katekisimu: anapenda chai ya maziwa, hapendi bamia, ana kovu mguu wa kushoto. Nikamwonea huruma. Nikajiambia kwamba mimi sina cha kukariri, mke wangu ninamjua.

Aliyenihoji alikuwa dada wa Kizungu, nyuma ya kioo, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Unajua mimi r na l huwa nazichanganya. Yeye kila herufi anaiweka mahali pake kama kifungo. Alianza kwa upole. Aliuliza tulikutana wapi, nikamwambia Evalina alileta sare zake za uuguzi nimpunguzie kiuno, nami nikazichelewesha makusudi ili arudi kuziulizia. Akacheka. Nikajua nimeshapita.

Kisha akauliza tarehe ya kuzaliwa ya mke wangu. Mwaka niliushika, siku ikanikimbia. Nikamwambia kwamba tarehe sina, ila vipimo vyake ninavyo kichwani, bega, kifua, kiuno, urefu wa mkono, na kwamba hata huko Ulaya anavaa nguo zangu. Mwaka jana aliagiza magauni, akasisitiza yawe mapana mbele, chini ya kifua yaachwe huru. Nikamweleza yule dada, kwa majivuno kabisa, kwamba nchi yao imempenda mke wangu, amenenepa. Akaandika kitu. Halafu akaniuliza mke wangu analala upande gani wa kitanda. Mimi mtu mzima na mvi zangu, nikamjibu mtoto wa watu kwamba analala upande wa ukutani.

Baada ya hapo akazipanga picha zetu za harusi mezani, na mambo yakaanza kuharibika. Akamgusa mtu mmoja kwa kalamu. Katika kila picha tuliyopiga kule Lamadi, kanisani na nyumbani kwao, yuko mama mmoja amejitanda kanga kichwani, ametupa mgongo. Wengine wote meno nje, yeye mgongo. Akauliza huyu ni nani. Nikasema ni mama mkwe. Akauliza anaitwa nani. Nikanyamaza.

Wewe unajua kwa nini nilinyamaza. Wewe ndiye ungekuwa wa kwanza kunizaba kofi kama ningelitamka. Lakini mweleze mtu wa nyuma ya kioo! Nilimweleza kwamba kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaingia vichakani kumpisha mwenzake, na jina lake halikai mdomoni mwangu. Nikasema mgongo ule si chuki, ni heshima, tena ya juu. Nilikuwa natokwa jasho ndani ya suti yangu ya mikono isiyolingana. Akauliza kama kweli katika ndoa yote hii sijawahi kuzungumza na mama wa mke wangu. Nikasema hata siku moja, kwa fahari, kama mtu anayetaja nishani aliyopewa na serikali. Akauliza kama huyo mama aliipinga ndoa. Mwishowe nikaomba kalamu, nikaliandika jina lake, Klementina, nikalisukuma chini ya kioo huku nimeangalia pembeni. Nilijiona mjanja. Yeye aliona mwanamume asiyeweza kumtaja mkwewe mpaka apewe kalamu.

Hakunikatalia. Alinipa muda, na agizo: nilete uthibitisho zaidi kwamba ukoo wa mke wangu unaitambua ndoa hii, ikiwemo picha yangu na mama yake tukiwa pamoja, nyuso zote mbili zikionekana.

Hilo ndilo lililonipeleka Lamadi, kwa Mzee Zengo, mdogo wake marehemu baba mkwe, maana kumwendea mama moja kwa moja nisingeweza. Mzee Zengo alicheka mpaka akakohoa, akauliza hawa Wazungu watatuvua nguo mpaka wapi. Kisha akaingia uani kupeleka ujumbe. Alirudi na jibu kwamba mama ametaka mbuzi, kwa sababu uso wa mkwe haufunuliwi bure, na ametaka muda wa kufikiri. Nikampeleka mbuzi. Katika ukoo ule mzima, mbuzi huyo ndiye pekee aliyekuwa ananitazama machoni bila aibu.

Siku yenyewe mpiga picha alikuwa Joyness, mwalimu wa kwaya yao, kwa simu yake. Waliweka benchi nje, karibu na dagaa walioanikwa. Mimi nikakaa ncha hii, mama ncha ile, katikati pangetosha familia na wageni wao. Joyness akatuambia tusogeleane. Tukasogea kama watu wanaomkaribia nyoka. Akasema bado. Hapo mama akafungua mdomo, na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu nimwoe binti yake: kwamba mkwe, itazame simu, usinitazame mimi, tusije tukaanguka wote wawili. Nikacheka. Naye akacheka, na picha ikapigwa palepale. Ana mwanya, dada. Mwanya uleule wa Evalina. Miaka yote hii sikujua umetoka wapi.

Joyness alipoingia ndani kuangalia chai, nikainuka niage. Mama akaniambia nikae. Akasema maadamu mbuzi ameshaliwa na uso umeshaonekana, sasa anaweza kuutua mzigo uliomvunja shingo.

Akaniambia Evalina ana mtoto huko. Wa kiume, ameshaanza kutembea. Baba wa mtoto ni mtu anayefanya naye kazi, na wanakaa nyumba moja. Tena Evalina alimpigia mama yake hata kabla sijaitwa kwenye mahojiano, akamwomba anitafutie njia ya kuniambia niache kuhangaika. Mama akabaki na neno hilo mdomoni. Angenitamkia vipi mtu ambaye haruhusiwi kumtazama? Angempa Mzee Zengo, kesho yake lingekuwa mwaloni linauzwa pamoja na dagaa. Akaamua kungoja, akisali rozari, kwamba Wazungu wanikatalie wao, niumie kwa mkono wa serikali kuliko kwa mkono wa mwanawe. Akasema na mwanawe huko alikuwa anangoja hilohilo. Alilia huku amenikazia macho, kwa kuwa sasa inaruhusiwa.

Nikayaona yale magauni. Mapana mbele, chini ya kifua yaachwe huru. Dada, mimi nimewashonea wajawazito nusu ya Bariadi. Mwanamke akiingia tu kibandani kwangu ninajua, wakati mwingine kabla mumewe hajaambiwa. Ya mke wangu nimeyakata kwa mkono wangu, nikayapiga pasi, nikayatuma, nikaenda kujisifia ubalozini. Yule dada alishuku ndoa yangu ni ya uongo, nami nilimchukia njia nzima mpaka Shinyanga. Kumbe hakukosea. Alikosea mtu wa kumuuliza tu. Sasa nimebaki mimi nikijiuliza maswali yake, kwamba huko aliko analala upande gani.

Nilimpigia Evalina. Hakuuliza nimeumia kiasi gani. Aliuliza nani kaniambia. Nikamjibu kwamba mama yako amegeuka.  Nikasikia mtoto analia nyuma yake, nikamwambia nenda kambembeleze, nikakata.

Na hili sasa sijamwambia mtu yeyote: ile picha sikuipeleka. Wala usidhani ni kwa ungwana. Nilikaa nayo nikipanga kuipeleka, nipate viza yangu, nishuke huko na suti yangu, nigonge mlango wao nione nani atafungua. Uchungu una ujinga wake, dada, na mimi ujinga sikuwahi kupungukiwa. Kila nilipotaka kuituma nilikuta yule mama anacheka na mwanya wake, nikashindwa kumtumia kama ufunguo. Siku ya mwisho niliyopewa ilipita Alhamisi. Wataandika kwamba nimeshindwa kuthibitisha ndoa yangu, na mimi sina pingamizi.

Kwa hiyo mama mwambie Wazungu wamekataa. Ndilo jibu ambalo watu wote walikuwa wanalingoja, acha limfae angalau yeye. Fahali arudi zizini, na aambiwe ana bahati kuliko mimi.

La shemeji Selestini ndilo gumu, na ndilo hasa lililonifanya nikuandikie. Siku akiujua ukweli, hatalala. Atatoka na wazee mpaka Lamadi kudai ng'ombe wa mahari, na mila itampa haki, kwa sababu walitoka katika zizi lake. Nakuomba, dada, umzuie kwa njia zako, zile ambazo mimi kama mdogo wako sipaswi kuzijua. Ng'ombe waliobaki pale ndio wanaolima jaruba la mpunga la yule mama, na hana kingine. Aliniambia ukweli akijua fika kwamba kwa mdomo uleule anatufungulia zizi lake. Watu wengine wote katika jambo hili, mke wangu akiwa wa kwanza, walichagua ninyamaziwe. Ukiona shemeji amekaza kamba, nipigie, nitakuja mwenyewe kumpigia magoti, ingawa nikipiga magoti siku hizi kuinuka ni kazi ya watu wawili.

Siku ile ya picha mama mkwe alinisindikiza. Tulitembea bega kwa bega mpaka karibu na barabara kuu, tukakutana na wanawake wanatoka sokoni. Akashtuka, akavuta kanga kichwani, akanigeuzia mgongo kama zamani. Nilitaka kumkumbusha kwamba mbuzi ameshaliwa. Nikamwacha. Niliondoka nikiutazama mgongo ule mpaka gari likakata kona. Huo peke yake, katika picha zote za harusi yangu, ndio ambao haukunichekea.

Msalimie sana mama, umkande goti kwa maji ya moto, usimruhusu kwenda kisimani. Watoto waambie mjomba wao haendi tena kuwaletea viatu vya kuwaka taa, wavumilie hizi ndala. Suti nimeifumua, naikata kaptula za shule. Ule mkono uliozidi umetosha mfuko. Wabeja, dada, kwa kunisoma mpaka hapa. Ukimaliza, barua itie jikoni.

Ni mimi mdogo wako, ambaye bado yupo Bariadi,

Januarius Masunga