Jiwe la Mjukuu Wako

Kisenyi, Kampala

Kwako Mama,

Nakusalimu kwa heshima, na kuuliza lile goti lako linaendeleaje tangu mvua zianze. Kifua cha Bosibori nacho kimepona? Najua dada ndiye anayekusomea barua hii, kwa hiyo namwomba jambo moja: Bosibori, ukifika mahali pagumu usiruke, wala usilainishe maneno. Msomee Mama kama nilivyoandika. Sisi huku tunapumua. Nikisema zaidi ya hapo nitakuwa nawadanganya.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu nilishindwa. Uliposema kwamba jina la marehemu Baba haliwezi kuwekwa kwenye kaburi la kitoto kichanga, tena katika udongo wa watu, nilijibu "sawa Mama" nikakata. Haikuwa sawa. Nilienda kazini nikalia nyuma ya duka, katikati ya marundo ya springi kuukuu za magari, mpaka tajiri wangu, Msomali asiyependa maneno mengi, akaniambia nirudi nyumbani.

Unajua mawe hayajaniacha. Niliyakimbia machimbo ya kwetu nikaja huku kuuza vipuri, na bado kila Jumapili baada ya kanisa nilikuwa nashuka Ggaba kuokota mawe ufuoni, wauza samaki wakinicheka. Mmoja alizoea kuniuliza, "Wewe Mkenya, hii mawe unapika na nini?" Nikamjibu napika na matooke, zile ndizi zao. Dirishani kwetu yamejaa: meupe, mekundu, na kipande kimoja cha kijani chenye mistari ambacho jirani yetu Mkongomani, Mama Furaha, alinipa. Siuzi hata moja. Lakini ya kuchonga ni yale ya kwetu tu, mawe laini ya sabuni ninayobeba kwenye begi kila nikitoka likizo, hadi kondakta wa basi huniuliza kama nahamisha kilima.

Na kazi tunaifanya kama inavyofanywa huko nyumbani. Mimi nachonga, Kerubo anapiga msasa kwenye beseni la maji. Watu wa hapa hushangaa mke wa mtu kuosha mawe kama vyombo. Mama, sehemu kubwa ya ndoa yetu imepita kwenye hilo beseni. Hapo ndipo tulipokuwa tukipiga soga na kugombana, na hapo ndipo aliponiambia kwamba ana mimba.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba alikuwa na masikio ya Baba, yale yaliyokunjika juu, na kwamba alinishika kidole. Hakumaliza siku mbili. Daktari alisema Kerubo asisafiri, na mimi sikuweza kumpeleka mtoto kuzikwa nyumbani huku mama yake amelala hapa peke yake. Ndiyo maana tukamzika huku. Haikuwa dharau kwako wala kwa mtu yeyote. Mama Furaha alitutafutia mchungaji, akambeba mtoto yeye mwenyewe mpaka makaburini. Nilipomwambia naona aibu kuzika ugenini, aliniambia, "Baba, siye batu ya Kongo tulizika batoto njiani. Usililie udongo. Lilia mutoto." Alikaa nasi mpaka jioni, akatupikia.

Baadaye nilichukua jiwe kubwa kuliko yote niliyonayo, lile jeupe lenye mshipa wa waridi ulilonichagulia wewe mwenyewe. Sikuchonga ndege wala ua. Nilitoa bamba nene tu, lenye mabega ya mviringo. Najua jiwe letu ni laini na mvua za Kampala hazina huruma, na fundi yeyote angeniambia nitafute jiwe gumu. Mimi nilitaka alale na kitu cha kwetu. Nikachora herufi za kwanza za jina la Baba kwa ncha ya kisu, ndipo nikakupigia simu. Jibu lako unalikumbuka.

Sikumweleza Kerubo. Lakini chumba chetu ni kimoja, na sauti yako, Mama, Mungu aibariki, haihitaji spika. Tangu siku hiyo hakuligusa lile jiwe. Alikuwa anapika, anafagia, analizunguka. Maziwa yake yalikuwa bado yanatoka. Alikuwa anajifunga kifua kwa leso, na mimi sikujua pa kuweka macho yangu.

Jumamosi iliyopita nilirudi nikamkuta amekaa sakafuni, jiwe liko mapajani, mikono imelowa hadi viwikoni, anapiga msasa. Nilifurahi kama mjinga. Nikachuchumaa karibu naye, ndipo nikaona kwamba zile herufi hazipo. Alikuwa amezisugua zote, pakawa laini kama shavu.

"Kerubo, umefanya nini?"

"Jina la Mzee nimemrudishia Mama," alisema. "Ni lake. Sitaki mwanangu alale chini ya kitu cha kuombaomba."

"Sasa tuandike nini?"

Alinijibu bila kuacha kusugua. "Muulize kama alikuwa mjukuu wake. Akikubali, andika hivyo tu."

Mama, siandiki kukulaumu. Najua Baba alipotutoka ulibaki na jina lake, na ulikuwa unamtunzia mtoto atakayekimbia uani kwako na kukutia hasira. Mimi pia nilimtaka huyo. Lakini aliyekuja ni huyu, na hatuna mwingine. Moyo wangu umevunjika, na wa Kerubo umevunjika zaidi. Jina hatuliombi tena.

Msalimie mjomba wa machimboni, umwambie ule mguu asiuache hivyo, aende hospitali. Msalimie shangazi, na watoto wa Bosibori, kila mmoja kwa utundu wake. Mama Furaha anakusalimu ingawa hamjuani. Kerubo hakutuma salamu, na sitamtungia.

Bosibori, ukimaliza kusoma usimfundishe Mama la kusema. Mpe simu tu. Na wewe Mama, piga namba ya Kerubo, si yangu, umjibu yeye. Nitakuwa nimekaa karibu, patasi mkononi. Akiniitikia kwa kichwa, nitachonga kwa jina lako: Mjukuu wa Moraa.

Ni mimi mwanao, baba yake,
Nyakundi