Mavi ya Mama kwa Panda Anayekonda

Tata, baba yangu, shikamoo.

Jana asubuhi Dokta Lin, daktari wa wanyama hapa kwenye kituo chetu cha panda, alitutangazia kwamba utumbo wa mtoto wa panda ninayemlisha umekosa vijidudu vya kusagia mwanzi. Mama yake anavyo, yeye hana. Anakula, na majani yanatoka karibu kama yalivyoingia.

Nimetanguliza habari hiyo kwa sababu nina hasira, na kwa sababu nakuhitaji kabla ya Jumatatu. Sasa nauliza: goti limepoa? Mvua imefika huko kwetu Kisaka, au ng'ombe bado wanakula mabua? Mimi ni mzima, ila nimekula wali mpaka nimesahau sura ya ugali wa mtama.

Kama nilivyokueleza, panda ni dubu. Utumbo wake ni mfupi, wa mla nyama, lakini kutwa anatafuna mwanzi. Hana matumbo manne kama ng'ombe. Vijidudu humsaidia, na mtoto huviokota kwa mama yake, kwa kulambwa na kwa kugusa mavi yake. Huyu wetu alitengwa mapema, akawekwa kwenye banda linalosuguliwa kwa dawa asubuhi, mchana na jioni. Aliyeshika brashi ni mimi. Nilikuwa na mashaka, na bado nilisugua.

Mwezi uliopita, alipoanza kukonda, nilisema kikaoni tumpe mavi ya mama yake. Nikaeleza unavyofanya ng'ombe akiacha kucheua: unamshika mzima ulimi, unamtoa cheuo mdomoni, unamsukumia mgonjwa kooni. Bwana Zhao, msimamizi wa mabanda, alicheka mpaka akavua miwani.

"Dada Ghati, hapa ni kituo cha sayansi, si zizi."

Tangu siku hiyo wenzangu wananiita Dokta Mavi. "Dokta Mavi, leo unatunywesha nini?" huniuliza kila saa ya chai.

Jana Dokta Lin akasema matibabu ni hayohayo: mavi mabichi ya mama, yakorogwe, yachujwe, mtoto anyweshwe. Bwana Zhao akaitikia kwa kichwa kana kwamba wazo lilizaliwa nyumbani kwake. Sitaki sifa, Tata. Nataka ule mwezi urudi. Mbavu za mnyama sasa zinahesabika.

Halafu Dokta Lin akaagiza mavi yachukuliwe saa ileile. Hapo nikasimama. Nilikumbuka dume la jirani lililotoka Matongo, ulilolitoa cheuo ukampa mtamba wetu, naye akahara hadi kufa. Hukulificha kosa hilo. Ulituambia malisho yao yalikuwa tofauti. Mama panda sasa anapewa machipukizi laini, kwa kuwa wageni wanapenda kumtazama akiyamenya. Mtoto anapewa majani magumu. Na Dokta Lin mwenyewe alitufundisha kwamba chakula cha panda kikibadilika, vijidudu vyake navyo hubadilika.

"Wale chakula kimoja kwanza," nikasema.

"Nani amekufundisha?" Dokta Lin akauliza.

"Baba yangu."

Bwana Zhao akadakia, "Ana shahada gani?"

"Ana ng'ombe arobaini, wote wanacheua. Wewe una mtoto mmoja wa panda, na hasagi."

Dokta Lin hakucheka. Alikubali, kisha akaniuliza swali lililonishinda: wale chakula kimoja kwa siku ngapi? Amenipa hadi Jumatatu, kwa sababu mtoto hawezi kungoja zaidi.

Baada ya mtamba ule kufa, ulianza kumchunga mtoaji pamoja na mgonjwa kabla ya kutoa cheuo. Kwa siku ngapi? Nakujua, utasema, "Mpaka mavi yao yafanane." Basi niambie yafanane kwa lipi: rangi, harufu au ugumu? Barua hii naipiga picha na kuituma kwa Mwita, mdogo wangu, akusomee. Asiruke neno mavi kwa aibu. Arekodi jibu lako kwa sauti yako mwenyewe, nimsikilizishe Dokta Lin huku nikitafsiri.

Nisalimie mama, mwambie shuka lake ndilo ninalojifunika. Na shangazi Nyangi, mkamuaji wetu, asikamue maziwa yote, ndama wakalala njaa.

Leo mama na mtoto wamekula mwanzi wa fungu moja. Jibu lako linifikie Jumapili jioni. Mavi yatachukuliwa Jumatatu, saa mbili asubuhi ya huku, na atakayeyabeba ni mimi.

Binti yako,
Ghati