Maji ya Kuoshea Bomba

Mtaani kwetu, nyuma ya maghala ya Zone Industrielle,
Bujumbura.
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mpendwa dada yangu, Yaya Mwavita,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe, shemeji na watoto. Hamjambo wote? Kifua kimepona? Mke wangu Nella anauliza kama ile asali na tangawizi uliitumia au uliiacha kabatini kama kawaida yako. Nasikia huko Bergen mvua haikatiki. Furahini basi, maana mnaona maji bila kuomba ruhusa ya mtu.

Sisi huku tu wazima, isipokuwa Mama, kama ujuavyo. Mguu wake umefungwa plasta hadi juu ya goti. Daktari amesema wiki sita, ila kwa mtu wa miaka sabini na mitatu hakutaka kuahidi. Anakula vizuri, anasali, na kupitia dirishani anawatukana kuku wa jirani. Kwa hiyo usilie tena kwenye simu, unamtisha.

Siku ile simu ilipokuwa inakatika-katika, uliniuliza swali moja: nani alimtuma Mama kwenye barabara ya malori na kidumu cha maji? Nilijifanya sikusikia. Nilisikia, dada. Jibu ni refu na linachefua, ndiyo maana nimeketi kuandika.

Unalikumbuka bomba la ukutani ambako sote tulichota tangu utotoni. Baraza la mtaa liliamua kujenga jipya. Baraza lenyewe ni watu tisa, na akili zao ukizichanga hazijazi kijiko. Mwenyekiti ni Herménégilde, yule aliyekuwa karani wa ghala, ambaye siku hizi hata sabuni anakwenda kuinunua akiwa na koti na tai. Debe tupu, nalo linavuma kweli. Mwenyekiti wa mtaa asiyelala mtaani! Familia yake iko Mutanga Sud, mtaa wa wenye nazo, na huko maji yanamfuata mpaka jikoni.

Bomba jipya lilimalizika Agosti. Siwezi kukataa, ni zuri: saruji imara, vigae vyeupe, mifereji minne ya kuchotea. Fundi alilijaribu mbele yetu, maji yakaruka mpaka kwenye viatu vyetu, wanawake wakapiga vigelegele. Papo hapo Herménégilde akang'oa mkono wa valvu, akautia mfukoni mwa koti, akazungusha utepe mwekundu. Marufuku kuchota, akasema, mpaka mkubwa wa serikali aje azindue. Na bomba la zamani? Waliling'oa wiki hiyohiyo, kwa sababu Hyacinthe, mshauri wa mambo ya itifaki, alisema mabomba mawili yataharibu picha.

Tangu hapo mtaa mzima unavuka barabara ya malori yanayotoka bandarini, unakwenda kuchota kwenye geti la ghala moja ambalo mlinzi wake ana huruma. Kwetu alikuwa akienda Nella, au mimi kabla ya kazi. Mama tulimkataza. Alikubali kwa mdomo tu, unamjua.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Kwa miezi mitatu baraza lilikaa vikao saba, na sikusikia neno maji hata mara moja. Kikao kizima kilikwisha wakibishana kama mkasi wa kukatia utepe ubebwe kwenye sahani au kwenye mto. Hyacinthe alitetea mto kwa dakika arobaini. Kingine kilikuwa cha viti: nani akae safu ya mbele, nani ya pili, na kama mke wa mwenyekiti anahesabika kuwa mgeni. Wajumbe wanaamka, wanasafisha koo, wanasalimia ngazi zote za uongozi, wanasema wanaunga mkono, wanakaa. Nimeona mbuzi sokoni wakiamua mambo haraka zaidi.

Umeshajiuliza najuaje yote haya. Ni kwa sababu mimi ndiye katibu wao, dada. Nyani haoni kundule. Walinichagua kwa kuwa ni deklaranti, wakala wa forodha bandarini, nimezoea makaratasi na mihuri, nami nikaona fahari. Nilikuwa nikirudi nyumbani nawaiga Herménégilde na Hyacinthe mbele ya Nella, tunacheka mpaka machozi, na kesho yake naandika uamuzi wao kwa mwandiko mzuri na kuugonga muhuri.

Oktoba wakaambiwa mkubwa anakuja Jumamosi tarehe 25, siku ya kazi za pamoja. Hofu ikawashika. Vigae vilikuwa vimejaa vumbi la malori na kinyesi cha ndege. Baraza likaamua bomba lioshwe. Kwa maji gani? Hapo ningetegemea walau mjumbe mmoja aangalie ule mfuko wa koti. Wapi! Waliamua kila nyumba ilete kidumu kimoja cha maji ya kuoshea bomba, na nyumba isiyoleta itasomwa jina mbele ya watu. Tangazo nililiandika mimi. Muhuri niliugonga mimi. Nilikwenda kulibandika mwenyewe kwenye mlango wa duka la Soumaya, yule mama muuza samaki wadogo wa ndagala, akalisoma, akaniangalia kama anayeangalia samaki aliyeoza. Nikamwambia mimi ni katibu tu.

Jumamosi hiyo nilijiombea ruhusa, kwa kuwa meli ya mizigo ya Kigoma ilikuwa imefunga gatini na mteja wangu alikuwa ananisubiri. Nella alimpeleka mtoto zahanati, homa ilikuwa kali. Kidumu chetu kikabaki kikavu mlangoni. Mama alikiona. Akafikiria jina la marehemu Baba kusomwa mbele ya mtaa pamoja na majina ya wavivu, akajifunga kitenge, akatoka.

Kuvuka kwenda alivuka salama. Kurudi, lori la saruji likampigia honi. Radjabu, kuli wa ghala lile, aliona yote. Anasema Mama angekitupa kidumu angewahi kukwepa, lakini alikikumbatia kwa mikono miwili, akarudi kinyumenyume, akaanguka kwenye mtaro wa zege. Radjabu alimbeba mgongoni mpaka zahanati. Kidumu hakikupasuka. Mtu mmoja alikiokota, akakipeleka, na bomba likaoshwa kwa maji hayo.

Mkubwa hakuja. Alikuwa na semina.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nani alimtuma Mama? Mdogo wako, kwa karatasi yenye muhuri. Nikasirikie, ni haki yako. Lakini soma mpaka mwisho.

Jumatatu Herménégilde alikuja kunitafuta bandarini, kwa mara ya kwanza bila tai. Alinipa sentensi ya kuingiza kwenye proseverbali, zile kumbukumbu rasmi za siku ile, eti itakwenda juu pamoja na ombi la tarehe mpya: Mama Irène aliteleza akiwa katika shughuli zake binafsi. Nilimwambia nitaona. Unanisikia? Mama yangu amelala na mguu kwenye plasta, na mimi namwambia mtu huyu nitaona! Niliogopa kugombana naye. Anajuana na watu, na kazi yetu ya udeklaranti inaishi kwa kujuana.

Alhamisi wakaja kumpa pole Mama, wajumbe sita, na kreti ya soda. Walikaa kwenye viti vyetu vyote, Nella akasimama. Kila mmoja alijitambulisha kwa cheo, kwa mama ambaye aliwaona wote wakitembea matako wazi. Hyacinthe alitoa hotuba ya ushujaa. Akasema siku ya uzinduzi Mama atapewa heshima ya kubeba ule mto wa mkasi. Kwenye magongo, dada! Mto ulishinda.

Kisha Herménégilde akaniambia nisome ile sentensi, ili familia iisikie na iridhike. Nikaisoma. Sauti yangu mwenyewe ilinichukiza.

"Musafiri," Mama akasema, "hiyo binafsi ni nini?"

"Ni kusema ulikuwa kwa kazi yako mwenyewe, Mama."

"Apana. Mi sikuwa na kazi yangu kule. Nilikuwa nabeba mayi ya baraza."

Herménégilde akasogeza kiti. "Mama, tunalinda mutaa wetu. Mukubwa akisikia mutu alivunjika sababu ya bomba, atakubali kuja kweli?"

"Asipokuja, mayi yatakataa kutoka?"

Mama akamgeukia Nella, akamwambia awape wageni maji, maana kwake mgeni hajawahi kuondoka koo kavu. Nella akasema, "Mama, hakuna. Imebaki ya dawa tu." Wajumbe wakatazamana. Mwishowe walifungua kreti waliyoleta wenyewe, wakanywa soda za mgonjwa, wakaaga.

Walipotoka nilidhani Mama atanifokea. Ningependa angenifokea. Aliniambia kwa upole nikae karibu na mguu. "Mwanangu, ukilazimishwa kuandika vile, andika. Lakini uniletee karatasi mi niweke kidole. Watu waseme Irène ndiye alidanganya, siyo we. Mi nishazeeka, halitaniuma."

Dada, nina miaka arobaini na moja, na mama yangu aliyevunjika mguu kwa ajili yangu alikuwa anajitolea kubeba na uongo wangu pia. Nilitoka nje nikalia nyuma ya nyumba, penye kuku. Nilikuwa nawadharau wale wanane kwa miezi mitatu, na wa tisa ndiye aliyekuwa mbaya kuliko wote, kwa sababu alikuwa anaona.

Jana, baada ya kazi za pamoja, kikao kilikuwa cha hadhara, mbele ya bomba. Herménégilde alifungua kwa salamu zake za nusu saa, kisha akaniita nisome proseverbali. Nilisoma hivi: "Tarehe 25 Oktoba, baraza liliagiza kila nyumba ilete maji ya kuosha bomba lenye maji. Agizo liliandikwa na katibu. Mama wa katibu alivunjika mguu akitii. Bomba lilioshwa. Mkono wa valvu uko mfukoni mwa mwenyekiti." Nikagonga muhuri mbele yao, kwenye goti langu, kwa kuwa meza ilikuwa imetengwa kwa ajili ya maua.

Hyacinthe alianza kusema kuna utaratibu wa kusahihisha. Soumaya akainuka na mikono yake yenye harufu ya ndagala, akapita katikati ya viti vya safu ya mbele ambavyo mimi huwa naviandikia majina, akasimama mbele ya Herménégilde na kumnyooshea kiganja.

"Leta."

Alitazama kulia, alitazama kushoto. Kisha akautoa.

Unadhani mwisho wa upumbavu ni hapo? Hyacinthe aliwasihi wanawake wasikate utepe, maana mkubwa bado atakuja. Nao, kwa dharau ambayo mimi sitaifikia hata nikiandika kurasa mia, hawakuukata. Wanainama chini yake, wanachota, wanatoka. Umebaki pale umefungwa vizuri, umsubiri huyo mkubwa.

Mimi muhuri wameninyang'anya. Herménégilde kanipita leo kanisani bila salamu, na huenda kazini nitaipata habari yake. Na iwe.

Nilichota kidumu cha kwanza mimi mwenyewe, nikamletea Mama kikombe kitandani. Nella na watoto walikusanyika kumtazama. Alikishika kwa mikono miwili, akanywa taratibu mpaka chini, akafuta mdomo.

"Eh," akasema. "Kumbe ni mayi tu."

Nella anakusalimu sana, na Radjabu pia, ambaye sasa ni wa kwetu, usimsahau unapotuma salamu. Shangazi Caritas anasema umpigie. Msalimie shemeji, uwabusu watoto mmoja mmoja kwa niaba ya bibi yao. Mungu akulinde ugenini, akupe afya, na siku utakayorudi akukutanishe na Mama akiwa amesimama.

Mimi mdogo wako nikupendaye, hata ukinikasirikia,

Musafiri