Eti mtoto wa Yunisi yuko toharani

Amne upo? Nina hasira!

Nimetoka sala ya jumuiya sasa hivi, nyumbani kwa Yunisi. Si unajua hajamaliza hata mwezi tangu amzike mwanawe Mansweti? Basi zamu ya kutoa nia ya maombi ikamfikia mama mkwe wake. Akasimama: "Tumwombee mjukuu wangu atoke toharani. Anateseka kwa dhambi za mama yake."

Toharani! Mtoto wa miezi minne! Na alibatizwa!

Yunisi amekaa mkekani, ameshika kile kitenge alichokuwa akimbebea. Hakulia. Alimwangalia tu yule mama kama hamjui.

Katekista akamkatiza palepale: "Mama, mtoto mchanga aliyebatizwa anakwenda mbinguni moja kwa moja. Toharani anasafishwa aliyetenda dhambi. Huyu alitenda lini?"

Unadhani mama mkwe alinyamaza? Wapi! Akarudia vilevile, neno kwa neno, akamalizia: "Ee Bwana..."

Amne, hakuna aliyeitikia ombi lile. Yunisi akashusha pumzi.

Halafu nyuma yetu sauti moja ikaitikia: "Twakuomba utusikie."

Gerald. Mume wake. Baba wa mtoto.